Kuhamisha Kompyuta Kutoka Legacy Hadi UEFI Bila Kufuta Windows

Maswali ya jambo hili hayaishi, na karibu yote huanza kwa njia mbili. Kuna aliyenunua laptopu ya mtumba Luthuli Avenue, Nairobi, akaikagua kama inaweza kupokea Windows 11, akaambiwa haina Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizoaminika kuwaka kabla ya Windows) ilhali muuzaji alimhakikishia kwamba mashine ni kamili. Na kuna aliyesikia kwamba dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya BIOS na kubadilisha neno Legacy liwe UEFI, akafanya hivyo, na sasa skrini nyeusi inamwambia kwamba hakuna diski ya kuwashia. Huyu wa pili kwa kawaida ndiye anayekimbilia kwa fundi, na fundi mwenye haraka humwambia kwamba lazima afomati. Si lazima. Katika hali nyingi kompyuta huhamishwa ikiwa na Windows yake, programu zake na faili zake zote, mradi kazi ifanywe kwa mpangilio unaofaa: diski kwanza, mipangilio baadaye.

Sababu ya mpangilio huo ni fupi. Kabla Windows haijaonekana, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mkuu huamsha vifaa na kutafuta mahali Windows ilipo. Programu ya aina ya zamani ni BIOS, iliyokuja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Ya kisasa ni UEFI, ambayo tangu 2005 inasimamiwa na muungano wa makampuni ya teknolojia. Kompyuta nyingi za katikati, hasa zilizotengenezwa kati ya 2012 na 2019 hivi, zina UEFI yenye uwezo wa kuiga BIOS ya zamani, na uigaji huo ndio unaoitwa Legacy au CSM. Windows inapowaka kwa Legacy hutaka diski iliyopangwa kwa mtindo wa MBR, na inapowaka kwa UEFI hutaka diski iliyopangwa kwa mtindo wa GPT, iliyo na sehemu ndogo ya FAT32 yenye faili za kuwashia. Ukibadilisha mipangilio na kuiacha diski ilivyokuwa, UEFI huitafuta sehemu hiyo ndogo na kuikosa. Nadharia ya kutosha ni hiyo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Windows 10 ya biti 64, toleo la 1703 au la baadaye, au Windows 11. Chombo tutakachotumia, MBR2GPT, kimo ndani ya Windows tangu toleo hilo la mwaka 2017, kwa hiyo huhitaji kupakua wala kununua chochote.
- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi.
- Diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha faili zako muhimu.
- Umeme wa uhakika. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji na iwe imechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Mtaa wenu ukiwa na mazoea ya umeme kukatika jioni, fanya kazi hii asubuhi. Ubadilishaji wenyewe huchukua dakika chache tu, lakini dakika hizo si za kukatizwa.
- Simu ya kupigia picha mipangilio kabla hujaigusa, na ya kusomea mwongozo huu kompyuta ikiwa imezimwa.
- Ikiwezekana, flashi nyingine ya angalau GB 8 yenye Windows ya kusakinisha, iliyotengenezwa kwa ajili ya UEFI. Huenda usiihitaji, ila ukiikosa siku ya shida utalazimika kuazima kompyuta ya jirani.

Jambo moja la kuzingatia kwa wanaofanya haya kwa ajili ya Windows 11 pekee. Kuhamia UEFI kunatimiza sharti moja tu. Masharti mengine yanabaki, yakiwamo TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kichakataji kilicho kwenye orodha ya Microsoft, ambacho kwa upande wa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa vichache sana. EliteBook 840 G3, ambayo imejaa katika maduka ya mjini, ina kichakataji cha kizazi cha 6. Itahamia UEFI bila taabu, lakini haitahesabiwa kuwa imetimiza masharti ya Windows 11. Ile ya G5 yenye kizazi cha 8 ni habari nyingine. Kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, naelewa haraka ya watu, lakini ni afadhali kulijua hili kabla ya kutumia mchana mzima.

Hatua

1. Tambua kompyuta inatumia modi gani sasa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha Enter. Katika dirisha litakalofunguka tafuta mstari wa "BIOS Mode". Ukisema "Legacy", endelea. Ukisema "UEFI", diski yako tayari iko sawa na huna la kubadilisha; pengine unachokosa ni kuwasha Secure Boot tu, na unaweza kuruka hadi hatua ya 10.

2. Hakikisha Windows ni ya biti 64. Fungua Settings, kisha System, kisha About, usome mstari wa "System type". Zipo laptopu zenye uwezo wa biti 64 ambazo ziliwekewa Windows ya biti 32 kwa sababu zilikuwa na RAM ndogo. Kwa mashine ya namna hiyo mwongozo huu hautafaa. Itabidi isakinishwe upya. Toleo la Windows unaweza kuliona kwa kuandika `winver` mahali pale pale ulipoandika `msinfo32`.

3. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, utazame, lakini usibadilishe kitu. Zima kompyuta, iwashe, na papo hapo bonyeza kitufe cha kuingilia mara kwa mara: F10 kwa HP, F2 kwa Dell na Acer, F1 kwa ThinkPad, F2 au Delete kwa Asus na kompyuta nyingi za mezani. Unatafuta mambo mawili.

La kwanza ni kama neno UEFI limo kabisa katika ukurasa unaohusu "Boot". Kompyuta zilizouzwa zikiwa na Windows 8, yaani kuanzia mwishoni mwa 2012, kwa kawaida zinalo. Mashine za Core 2 Duo nyingi hazina, na hakuna programu ya kuziongezea.

La pili ni nenosiri. Laptopu nyingi za mtumba zinazoingia Nairobi zilikuwa za makampuni na mashule ya Ulaya, na baadhi huja zikiwa bado zimefungwa kwa nenosiri la msimamizi la yule mwenye mali wa kwanza. Dalili yake ni kwamba unaingia na kusoma kila kitu, lakini chaguo zote zimefifia na hazibadiliki, au unaombwa nenosiri kabla ya kuona lolote. Ukikuta kufuli hilo, simama hapo hapo. Usibadilishe diski ukitumaini kwamba mipangilio utaifungua kesho, kwa kuwa diski ya GPT kwenye kompyuta iliyong'ang'ania Legacy haitaiwasha Windows. Irudishe kompyuta kwa muuzaji siku za waranti zikiwa hazijaisha, umwambie aifungue au akubadilishie. Mtu anayenunua leo angefanya vyema kuomba kubonyeza F10 au F2 mbele ya muuzaji, kabla pesa hazijatumwa.

Kama hakuna kufuli, piga picha kila ukurasa wa mipangilio hiyo, hasa ule unaotaja SATA (njia ambayo diski huunganishwa), kisha toka bila kuhifadhi.

4. Hifadhi nakala ya faili zako. MBR2GPT imeundwa isifute data, na kwa kawaida haifuti. Hata hivyo inaandika upya ramani ya diski nzima, na diski iliyochoka haichagui siku ya kufa. Nakili picha, stakabadhi, tasnifu, hesabu za biashara, na usisahau kilichomo kwenye Desktop na Downloads, mahali ambapo watu wengi huweka vitu vya maana bila kukusudia.

5. Sitisha BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga data ya diski kwa ufunguo wa siri, kama inatumika. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi: andika `cmd` kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya kulia, chagua "Run as administrator". Kisha andika:

`manage-bde -status C:`

Jibu likiwa "Protection Off", endelea. Likiwa "Protection On", kwanza hakikisha una ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, ambao huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft au uko kwa afisa wa kompyuta wa kazini, kisha sitisha ulinzi kwa amri hii:

`manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`

Kompyuta ikiwa ni mali ya mwajiri, mwulize kwanza. Huenda ana sababu zake.

6. Tambua namba ya diski yenye Windows. Chomoa flashi na diski zote za nje. Katika kidirisha kile kile andika `diskpart`, kisha `list disk`. Utaona orodha ya diski, na upande wa kulia safu yenye kichwa "Gpt". Diski isiyo na nyota katika safu hiyo ni ya MBR. Kwa laptopu yenye diski moja, namba yake ni 0. Kwa zile ambazo fundi ameondoa mahali pa DVD akaweka diski ya pili, lazima uwe makini: SSD yenye Windows inaweza kuwa 0 au 1, na ukubwa wake ndio utakaokuonyesha. Andika `exit` ili utoke.

Onyo: miongozo mingi hukwambia uandike `clean` kisha `convert gpt` ukiwa humu ndani ya diskpart. Amri ya `clean` inafuta mpangilio wote wa diski bila kukuuliza mara mbili. Ni amri ya mtu anayesakinisha upya, si yako.

7. Jaribu kabla ya kubadilisha. Tuseme diski yako ni namba 0; andika:

`mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS`

Amri hii haibadilishi kitu, inakagua tu. Ukiona "Validation completed successfully", nenda hatua ya 8. Ukiona "Disk layout validation failed", usikate tamaa, maana sababu ya kawaida kabisa inatatulika.

Chombo hiki kinakubali sehemu za msingi zisizozidi tatu, na hakikubali sehemu za ziada za aina ya "logical". Sasa fikiria diski ilivyogawanywa na aliyekuwekea Windows: kuna sehemu ndogo ya "System Reserved", kuna C, kuna ile ya "Recovery" ambayo Windows hujitengenezea, na kuna D, kwa kuwa wengi wetu tumezoeshwa kwamba kompyuta bila D haijakamilika. Hizo ni nne, na ndiyo maana ukaguzi umekataa. Fungua Disk Management kwa kuandika `diskmgmt.msc` uhesabu mwenyewe. Sehemu zilizozungushiwa fremu ya kijani ni zile za ziada.

Suluhisho ni kuiondoa D kwa muda. Nakili kila kilichomo kwenye diski ya nje, fungua baadhi ya faili kule kwenye nakala uone kama kweli zinafunguka, ndipo ubofye kulia juu ya D na kuchagua "Delete Volume". Kama D ilikuwa ndani ya fremu ya kijani, futa pia fremu yenyewe iliyobaki tupu. Usiguse "System Reserved" hata kama inaonekana ndogo na isiyo na kazi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayowasha Windows yako kwa sasa. Rudia ukaguzi. Ukishahamia GPT utaitengeneza D upya katika nafasi ile ile, na wakati huo hesabu ya sehemu haitakusumbua tena, kwa sababu Windows huruhusu hadi sehemu 128 kwenye diski ya GPT.

Ukaguzi ukikataa tena, fungua faili `setuperr.log` na `setupact.log` zilizomo ndani ya `C:\Windows`. Mistari ya mwisho hueleza kilichokataliwa. Mwenye Linux kando ya Windows asiendelee na njia hii: chombo hushughulikia Windows pekee, na Linux yake itabaki bila njia ya kuwaka hadi GRUB (programu inayoiwasha Linux) isakinishwe upya kwa ajili ya UEFI.

8. Badilisha diski. Funga programu nyingine zote, kisha andika:

`mbr2gpt /convert /disk:0 /allowFullOS`

Mistari kadhaa itapita, ikieleza kwamba sehemu ya mfumo ya EFI inatengenezwa, kwamba faili za kuwashia zinawekwa, na mwishowe kwamba ubadilishaji umekamilika. Usifunge dirisha kabla ya mstari huo wa mwisho. Chini yake utasoma kwamba sasa ni lazima ubadilishe mipangilio ili kompyuta iwake kwa UEFI. Huenda pia ukaona malalamiko kuhusu faili ya ReAgent.xml, hayo yasikushtue, tutayamaliza katika hatua ya 11.

Windows itaendelea kufanya kazi kama kawaida hadi utakapoizima. Ukishaizima, haitawaka tena kwa Legacy.

9. Sasa badilisha mipangilio. Washa kompyuta upya na uingie kama ulivyoingia katika hatua ya 3. Majina hutofautiana kwa kila kampuni.

Kwa HP EliteBook na ProBook za G3 na za baadaye, nenda "Advanced", kisha "Secure Boot Configuration", uchague "Legacy Support Disable and Secure Boot Disable". Katika zile za G1 chaguo hilo limo chini ya "Boot Options", na jina lake ni "UEFI Native (Without CSM)". Hifadhi kwa F10. HP ina jambo lake moja ambalo huwababaisha wengi: inapowaka tena, huonyesha ujumbe kwamba mabadiliko ya modi yanasubiri kuthibitishwa, pamoja na namba yenye tarakimu nne ambayo unatakiwa kuiandika na kubonyeza Enter. Hakuna kisanduku cha kuandikia, na tarakimu unazobonyeza hazionekani popote, kwa hiyo mtu hudhani kibodi imekufa. Andika tu, kwa kutumia namba za mstari wa juu wa kibodi. Ukikawia, mabadiliko huachwa na kompyuta hubaki kwenye Legacy.

Kwa Dell Latitude na OptiPlex, nenda "Boot Sequence", chagua "UEFI" mahali palipoandikwa "Boot List Option", kisha katika "Advanced Boot Options" ondoa alama kwenye "Enable Legacy Option ROMs". Ondoka kwa "Apply".

Kwa ThinkPad, nenda ukurasa wa "Startup", katika "UEFI/Legacy Boot" chagua "UEFI Only", kisha F10.

Kwa kompyuta za mezani zilizoundwa kwa vipande, tafuta "CSM" na uizime.

Usiguse kingine. Hasa usibadilishe hali ya SATA kutoka RAID kwenda AHCI, au kinyume chake, eti kwa kuwa umesoma kwamba AHCI ni bora. Windows iliyosakinishwa chini ya hali moja hugoma kuwaka chini ya nyingine, na hapo utakuwa na matatizo mawili kwa wakati mmoja bila kujua lipi ni lipi.

10. Iache Windows iwake, kisha washa Secure Boot. Windows ikishafunguka, rudia `msinfo32`. "BIOS Mode" sasa inapaswa kusoma "UEFI". Ni baada ya kuliona neno hilo ndipo urudi kwenye mipangilio kuwasha Secure Boot. Wapo wanaowasha vyote viwili kwa mkupuo, na mara nyingi hufaulu, lakini mimi hupendelea kutenganisha: kikikwama kimoja, najua ni kipi. Kurudi kwenye mipangilio nako sasa ni rahisi, kwa sababu Windows iliyo kwenye UEFI hukubali amri hii ya kukupeleka moja kwa moja:

`shutdown /r /fw /t 0`

Baada ya hapo, mstari wa "Secure Boot State" ndani ya `msinfo32` usome "On".

11. Funga kazi. Fungua tena Command Prompt ya msimamizi. Rekebisha mazingira ya uokoaji kwa amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

`reagentc /disable`

`reagentc /enable`

Kama ulisitisha BitLocker, irejeshe kwa `manage-bde -protectors -enable C:`. Kama uliondoa D, itengeneze upya kwenye Disk Management na urudishe faili zako. Nakala iliyo kwenye diski ya nje iache kwa siku kadhaa.

Ikikwama

*Skrini inasema "Boot Device Not Found" au "No bootable devices found".* Jiulize kwanza kama hatua ya 8 ilifanyika. Kama ulibadilisha mipangilio kabla ya diski, rudisha Legacy na Windows itawaka kama jana, hakuna kilichopotea. Kisha anza upya kutoka hatua ya 1. Huyu ndiye yule mtu wa mwanzoni aliyeambiwa afomati. Kama diski ilibadilishwa tayari, tatizo liko kwenye orodha ya kuwashia. Kwa Dell, bofya "Add Boot Option", uite "Windows Boot Manager", na uelekeze kwenye faili `\EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi`. Kwa nyingine, hakikisha "Windows Boot Manager" iko juu ya orodha.

*Windows Boot Manager haipo, au ipo lakini haiwaki.* Hapa ndipo ile flashi ya Windows inapohitajika. Iwashe kompyuta kwa flashi, na lugha itakapoulizwa bonyeza Shift pamoja na F10. Andika `diskpart`, kisha `list volume`. Tafuta sehemu ndogo ya FAT32, yenye MB 100 au zaidi kidogo, na uzingatie namba yake; kama ni 3, andika `select volume 3`, kisha `assign letter=S`, kisha `exit`. Angalia pia herufi ya sehemu yenye Windows, kwa kuwa ndani ya flashi si lazima iwe C. Mwisho andika:

`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

*Flashi haionekani kwenye orodha ya kuwashia.* Ilitengenezwa kwa Legacy. Katika Rufus (programu ya kutengenezea flashi ya kusakinishia) chagua GPT kwenye mpangilio wa diski, na UEFI kwenye mfumo unaolengwa, uitengeneze upya.

*Skrini ya samawati yenye "INACCESSIBLE BOOT DEVICE".* Karibu kila mara ni hali ya SATA iliyobadilika. Fungua picha ulizopiga katika hatua ya 3 na uirudishe ilivyokuwa.

*Kompyuta ya mezani inawaka lakini skrini ni nyeusi tangu CSM izimwe.* Kadi ya grafiki ni ya zamani na haina programu ya UEFI ndani yake. Kama kichakataji kina grafiki zake, ondoa kadi na uchomeke waya wa skrini kwenye ubao mkuu. La sivyo, zima kabisa, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache ili mipangilio irudi ya kiwandani, na ujue kwamba kadi hiyo haitakwenda na UEFI.

*Ilifanya kazi wiki nzima, kisha asubuhi moja ikadai hakuna diski, na saa inaonyesha mwaka wa zamani.* Betri hiyo hiyo ya CR2032 imeisha, mipangilio imejirudia kwenye Legacy umeme ulipokatika usiku. Weka betri mpya, rudia hatua ya 9.

*Inaomba ufunguo wa tarakimu 48.* Hukusitisha BitLocker. Ingiza ufunguo huo, na baada ya Windows kufunguka fanya hatua ya 5 kama ilivyopasa.

Na anayetaka kurudi Legacy?

Wapo, na wana sababu: kuna maduka ambayo programu yao ya mauzo inakubali Windows 7 ya biti 32 tu. Hakuna chombo cha Microsoft kinachorudisha GPT kuwa MBR huku data ikibaki, kwa hiyo safari hii ya kurudi ni ya kufuta na kusakinisha upya. Nakili kila kitu, zima Secure Boot, washa Legacy au CSM, tengeneza flashi kwa Rufus ukichagua MBR na BIOS, na wakati wa kusakinisha futa sehemu zote za diski hadi ibaki nafasi tupu. Kisakinishi kikikataa kwa kudai kwamba diski bado ni ya GPT, ile amri ya `clean` niliyoikataza huko juu ndiyo mahali pake hapa. Lakini angalia umri wa mashine kwanza: Intel ilitangaza mwaka 2017 kwamba ingeacha kuunga mkono BIOS ya zamani ifikapo 2020, na laptopu nyingi zilizotoka baada ya hapo hazina Legacy kabisa. Kwa programu ya duka, tafuta mashine ya zamani ukaiweke kwa kazi hiyo moja, na usiiunganishe na intaneti.